Miezi Mia na Themanini ya Zita

Baba Paroko, masista, wazee wa ukoo, ndugu na majirani wa hapa Kibosho, pamoja na ninyi mliopanda kutoka Majengo na Sanya Juu, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Familia imemtuma Tito, mdogo wa marehemu, awasomee maisha ya dada yake, naye Tito ameomba ajitaje humu kwa jina lake kama anavyotajwa mtu mwingine, kwanza kwa kuwa ndivyo historia hizi zinavyoandikwa, na pili kwa kuwa yapo mambo humu ambayo akiyasoma kwa neno mimi hatafika mwisho wa karatasi. Karatasi ni nne, mtamvumilia.

Marehemu Zita Filemon alizaliwa Jumapili tarehe 14 Februari 1965, hapa hapa Kibosho, katika kihamba cha baba yake, mzee Filemon Chuwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Filemon na mama Elizabeth, na katika watoto watano waliozaliwa walibaki wawili tu, yeye Zita wa kwanza na Tito wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1972. Kwa mila yetu kihamba, yaani shamba la baba, hukaliwa na mtoto wa kiume wa mwisho, kwa hiyo tangu Tito yuko kwenye mbeleko mgongoni kwa Zita, ile migomba na kahawa kuanzia mfereji wa juu mpaka barabarani ilikuwa tayari ya Tito, na Zita aliyembeba hakuwa na hata mgomba mmoja.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia Januari 1973 hadi Novemba 1979, akamaliza darasa la saba akiongoza katika somo la hesabu, nafasi ya sekondari haikupatikana, na mwaka 1980 na 1981 alijifunza upishi na ushonaji kwa masista. Hesabu ile haikumtoka kichwani maisha yake yote, na wale mliowahi kwenda naye sokoni mnajua kwamba muuza nyanya hakuwahi kumzidi hata shilingi hamsini.

Utaratibu wa historia hizi ni kazi kwanza na ndoa baadaye, ila Zita aliolewa kabla ya kupata kazi ya mshahara, tarehe 26 Desemba 1989, katika kanisa hili la parokia, na bwana Primus Kessy, fundi mwashi, mtu mpole aliyependa pombe ya mbege kwa kiasi na mke wake bila kiasi. Walijaliwa watoto wawili, Lucky aliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1991 na Pamela aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1996. Bwana Primus alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 3 Novemba 2007, akazikwa hapa kwenye kihamba cha Kessy, ambako leo tunamlaza Zita pembeni yake.

Tarehe 1 Machi 1995 Zita aliajiriwa na shamba moja la maua upande wa Sanya Juu, akakata na kufunga maua ya kupelekwa nje ya nchi, na tangu siku hiyo akaandikishwa kuwa mwanachama wa Mfuko wa hifadhi ya jamii, ambapo kila mwezi alikatwa sehemu ya mshahara wake, mwajiri akaongeza ya kwake, ikawekwa kwa ajili ya uzee. Wenzake walinung'unikia makato hayo kila mwisho wa mwezi, lakini yeye aliyapenda, alikuwa akiwaambia kwamba hicho ndicho kihamba chake, kwa sababu hakuna mila inayomnyima mwanamke mchango wake mwenyewe. Kadi ya uanachama aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, na kila karatasi ya mshahara akaipanga humo kwa mwezi na mwaka, haikuruhusiwa kukunjwa.

Hapa lazima Tito aeleze sheria, tena taratibu, kwa sababu kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Mwanachama anayetaka kulipwa pensheni ya kila mwezi mpaka siku ya kufa lazima awe amechangia miezi isiyopungua mia na themanini, yaani miaka kumi na mitano, akipungukiwa hupewa chake mara moja na mambo yameisha, na akikosa kazi katikati akaenda kuchukua alichochanga, miezi ile yote inafutika, siku akirudi kazini anaanza na mwezi wa kwanza. Shamba la maua lilifungwa tarehe 30 Septemba 2008. Zita alikuwa na miezi mia moja sitini na mitatu. Alibakiza kumi na saba.

Watu wengi mliopo hapa mmesikia kwamba Zita alikwenda kuzichukua fedha zile akazila. Yamesemwa kwenye vilabu vya mbege, yamesemwa kwenye harusi, kwamba mama Lucky alikula uzee wake ungali mbichi, na mara moja, Krismasi ya mwaka 2013, yalisemwa mbele ya Tito, watu wakacheka, na Tito naye akacheka. Tito anasimama mbele ya jeneza hili kusema kwamba ule ulikuwa uongo, na walioujua ukweli, mbali na Zita mwenyewe, ni yeye na mama yake mzazi, ambaye alitangulia mbele za haki mwaka 2014.

Ukweli ni huu. Mwaka 2007 Tito alifungua duka la vipuri vya pikipiki pale Majengo, akachukua mzigo kwa mkopo wa mfanyabiashara mmoja, na kwa ujana na kiherehere akaandikishiana naye kwamba akishindwa kulipa atamwachia kihamba cha mzee Filemon, chote, pamoja na nyumba aliyokuwa analala mama yake na kaburi la baba yake. Duka lilikufa ndani ya miezi kumi na minne. Mwisho wa kulipa uliwekwa tarehe 30 Juni 2009, na Tito hakumwambia mtu yeyote mpaka mwezi wa nne, alipokonda hadi suruali inashikiliwa kwa kamba, ndipo dada yake akambana jikoni na kumuuliza ana nini, naye akalia kama mtoto, akasema yote.

Zita hakumpigia kelele. Aliuliza tu kiasi gani, akaingia ndani, akatoka na ule mfuko wa nailoni. Walikwenda wote wawili ofisi ya Mfuko mjini, Tito amemshikia mkoba, na ofisa aliyewahudumia, mama mmoja mstaarabu sana, alimwambia Zita kwa upole kwamba ana haki ya kuchukua, lakini afikirie, kwa kuwa amebakiza miezi kumi na saba tu na yeye bado ana nguvu, akipata kazi nyingine hata ya mwaka mmoja na nusu atakuwa amevuka. Tito aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake. Zita aliomba atoke kidogo, akakaa kwenye ngazi za nje, akamwangalia Tito kwa muda mrefu, akamwambia, "Mama hawezi kuhamishwa akiwa na umri ule," akarudi ndani akatia sahihi. Fedha zililipwa tarehe 22 Juni 2009, deni likafutwa tarehe 24, na ile karatasi ya makubaliano Tito akaichoma mwenyewe kwenye mafiga ya mama yake.

Mchagga yeyote hapa anajua isale ni nini, lakini kwa wageni wetu, ni lile jani la kijani refu tunalopanda mipakani na kwenye makaburi, na mtu aliyekosa akimpelekea jani hilo aliyemkosea, basi aliyeletewa hana ruhusa ya kukataa, anasamehe, na kwa mila ya ukoo wetu akishalipokea hafufui tena jambo hilo kwa mtu yeyote maisha yake yote. Tarehe 27 Desemba 2009 Tito alikata isale, akampelekea dada yake mbele ya mama yao. Alidhani anafanya jambo la heshima. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka kutazamwa, na alijua vizuri sana kwamba jani lile litamfunga Zita mdomo. Zita alilipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, na tangu siku ile, jamani, hakusema, si kwa watoto wake, si kwenye maneno ya vilabuni, si alipokuwa anachekwa. Tito naye akajiambia kwamba kama yamekwisha basi yamekwisha, akauza kahawa, akauza maparachichi ya kihamba kilekile, akapiga plasta nyumba, akanunua pikipiki, na hakurudisha hata senti moja.

Wakati Tito anajisikia mwepesi, Zita alikuwa anapiga hesabu. Kalenda ya jimbo ilikuwa nyuma ya mlango wake, na juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba atatimiza miaka sitini, umri wa kustaafu, mwezi wa Februari 2025, hivyo ili apate miezi mia na themanini kufikia mwisho wa mwezi huo, lazima awe ameajiriwa kufikia tarehe 1 Machi 2010, ukipita mwezi mmoja tu umekosa pensheni. Alianza kuzunguka. Alikwenda kwenye mashule, mahoteli, kwenye mashamba ya Sanya Juu, kwa miguu mara nyingi, akaambiwa miaka arobaini na minne ni mingi, akaambiwa aache namba ya simu, Oktoba ikapita, Novemba ikapita, Krismasi ikapita, na Pamela anakumbuka kwamba Januari ile mama yake aliacha kula chakula cha jioni, akidai hana njaa. Tarehe 23 Februari 2010 aliitwa na shule moja ya bweni pale mjini kuwa mpishi, na Jumatatu tarehe 1 Machi akaanza kazi. Alikuwa amepata nafasi ya miezi mia na themanini kamili, bila hata mmoja wa akiba.

Miaka kumi na mitano alipika ugali na maharage ya wanafunzi mia nne, siku za kazi akilala chumba cha kupanga Majengo kwa bwana Nurdin, fundi cherehani, na mke wake bi Shamsia, Jumamosi akipanda Kibosho kulima. Hakuwahi kuomba likizo bila malipo. Alipovunjika kidole cha mguu mwaka 2016 alikwenda kazini na kandambili. Watoto walimwona mbishi, Lucky alikuwa akimwambia, "Mama, hiyo kazi itakuua, njoo upumzike," na Zita alicheka tu, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa limefungwa na jani la Tito.

Novemba 2023 alikwenda kuchukua taarifa ya michango, akitegemea kuona miezi mia moja sitini na minne, akaona mia moja sitini na mmoja. Bi Shamsia anasema alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kwenye mkeka na kuhesabu kwa vidole mara tatu. Miezi iliyokosekana ilikuwa Aprili, Mei na Juni 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mishahara ikalipwa nusu, makato yakakatwa, lakini mchango haukufikishwa kwenye Mfuko, na familia hailiweki jina la shule hapa kwa kuwa uongozi ule umekwisha kubadilika na wenzake wa jikoni wako nasi. Kuidai miezi ile kulihitaji karatasi za mshahara za miezi mitatu, na katika mfuko wa nailoni, ule usioruhusiwa kukunjwa, zilikuwemo mbili. Ya Mei haikuwepo. Mwaka mzima aliitafuta, akafumua magodoro, akapekua vitabu vya sala, mpaka Novemba 2024 bwana Elifuraha, karani wa chama cha akiba na mikopo cha parokia, alipoikuta kwenye jalada la mkopo wa bati alioomba zamani, akamletea kwa mkono wake. Mfuko ulifuatilia, mwajiri akalipa, na tarehe 19 Desemba 2024 miezi mitatu ikaingia.

Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Maumivu ya tumbo yalimpata Julai 2024, akayaficha kwa magadi na chai ya tangawizi, bi Shamsia ndiye aliyegundua kwamba anatapika na akamburuta hospitali, na tarehe 24 Septemba 2024 madaktari walimwonyesha uvimbe na kumtaka afanyiwe upasuaji wiki hiyohiyo. Zita aliuliza atalala siku ngapi. Alipoambiwa huenda miezi, aliomba apangiwe mwezi wa tatu mwakani. Waajiriwa wenzake walimweleza kwamba mgonjwa ana haki ya likizo yenye malipo, na ni kweli anayo, lakini mtu aliyekwisha kupoteza miezi mara mbili huwezi kumwambia habari ya haki akalala usingizi.

Pamela alimfuata Tito Oktoba ile akamwambia, "Mjomba, wewe anakusikiliza, kamwombe aache kazi." Tito alikwenda Majengo. Alimkuta dada yake amekaa uani anachambua mchele, shavu limeingia ndani, akamwamkia, shikamoo dada, akaanza kusema aliyotumwa, na Zita akamwangalia vilevile kama alivyomwangalia kwenye ngazi za ofisi, akasema, "Tito, imebaki mitano." Tito angeweza kupiga magoti pale akasema dada acha, nitauza nusu ya kihamba nikutibu na nikutunze mpaka mwisho, kwa sababu kihamba kile kilikuwepo bado, na kwa haki kilikuwa cha Zita, aliyekikomboa kwa michango yake. Hakusema. Alikunywa chai, akaaga, akapanda pikipiki.

Alifanya kazi Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Februari wenzake walikuwa wanamkalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, wanakoroga wao, yeye anaonja chumvi na kusaini daftari la mahudhurio, na familia inawashukuru kwa kila siku waliyomsaidia kusaini. Ijumaa tarehe 28 Februari 2025 alistaafu. Taarifa ya michango ilisoma mia na themanini.

Jumanne tarehe 11 Machi 2025 alifanyiwa upasuaji, na madaktari walipofungua walikuta saratani imesambaa hadi kwenye ini. Mkupuo wa kustaafu ulilipwa tarehe 30 Aprili, ukaenda karibu wote kwenye matibabu. Tarehe 25 Mei ujumbe wa pensheni ya kwanza uliingia kwenye simu, akamwita Pamela amsomee, akamwambia arudie, akarudia mara tatu, kisha akaagiza nyama kilo mbili na ndizi, bi Shamsia akaja, wakapika mtori, na yeye alionja vijiko viwili akasema chumvi haitoshi. Tarehe 25 Juni iliingia ya pili. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 6 Julai 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sitini, miezi minne na siku ishirini na mbili. Alichangia miezi mia na themanini, na kabla yake mia moja sitini na mitatu, akala miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, ofisa wa Mfuko aliyefuatilia miezi yake kama ya mama yake mzazi, bwana Elifuraha na chama cha parokia, wapishi wote wa shule, majirani wa Kibosho mliochota maji na kukata ndizi siku nne hizi, na bwana Nurdin na bi Shamsia, ambao wamekuwa ndugu kuliko ndugu fulani anayesoma hapa.

Imebaki aya moja. Juzi Pamela alipopanga vitu vya mama yake alikuta ndani ya ule mfuko wa nailoni, chini kabisa ya karatasi za mshahara, jani kavu limelazwa bila kukunjwa, akamletea mjomba wake kuuliza ni la nini. Mjomba akamwambia utasikia siku ya mazishi. Basi ndiyo haya, Pamela, na wewe Lucky, mmesikia pamoja na watu wote. Ukoo wa Chuwa umekaa jana mchana, haukufurahi, mabishano yalikuwa makali, lakini umekubali, na jana jioni Tito amepanda masale kuanzia mfereji wa juu mpaka barabarani, akakigawa kihamba cha mzee Filemon katikati, na upande wa mashariki, wenye nyumba ya bibi na kahawa, kuanzia leo ni wa Pamela binti Zita, barua imeandikwa na mwenyekiti wa kijiji ameigonga muhuri. Tito hakukata jani la kuwaletea ninyi watoto, na ameliacha makusudi, kwa sababu anayeletewa hawezi kukataa, naye anataka mbaki huru kumkasirikia kwa miaka yote mtakayoona inafaa.

Dada Zita, mimi ni Tito, uliyenibeba. Mia na themanini imetimia, nimeona kwa macho yangu, usihesabu tena. Pumzika kwa amani.